Kamina: kutoka posho ya reli hadi vijana wa pikipiki

Watu wa Kamina wanahesabu miaka kwa reli. Njia ya kutoka Bukama hadi Ilebo, zamani Port-Francqui, ilikamilika mwaka 1928. Mwaka 1956 ikaongezwa ile ya Kabalo, na Kamina ikawa makutano ya treni. Kampuni ya BCK ilimpa mfanyakazi wake nyumba kambini, posho ya chakula, dispansari, na shule ya watoto. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini mtoto akishikwa na homa usiku, baba alijua pa kumpeleka.

Ila vyote hivyo vilikuwa mali ya kampuni. Aliyeachishwa kazi aliondoka na godoro lake na masanduku yake, basi.

Sheria ilikuja kurekebisha hilo. Tarehe 29 Juni 1961, Kongo ikiwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, ilitolewa sheria ya hifadhi ya jamii iliyozaa INSS. Katanga wakati huo ilikuwa imejitenga, na ilibaki hivyo hadi Januari 1963. Wazo la sheria lilikuwa zuri: mfanyakazi ana namba yake, na akitoka reli ya Kamina kwenda kiwanda cha Likasi, miaka yake inahesabiwa pamoja. Haki inamfuata mtu popote aendapo.

Jaribio kali lilikuja mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga. Maelfu na maelfu walilala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Wengi walikuwa wafanyakazi wa reli na wa migodi. Nyumba, hospitali na shule vilipotea siku moja. Kilichobaki ni namba ya INSS na karatasi, kwa wale waliowahi kuzibeba.

Na hata namba hiyo ilibeba nini? Oktoba 1993 zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 franka 1 ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Yaani franka 1 ni zaire za zamani bilioni 300! Mzee aliyekatwa mshahara miaka 20 aliona akiba yake ikiyeyuka kama chumvi mvuani. Haki ilimfuata, lakini ikafika mikono mitupu.

Sheria mpya ilitoka tarehe 15 Julai 2016, na mwaka 2018 CNSS ikachukua nafasi ya INSS. Leo, kwa kila franka 100 za mshahara, mwajiri analipa 13 na mfanyakazi 5. Hapo ndipo kijana wa pikipiki anapokwama. Anabeba abiria kutwa, pengine kwa pikipiki ya mtu mwingine ambaye kila jioni anataka pesa yake. Mwajiri wa kulipa zile 13 ni nani? Mwenye pikipiki atasema yeye amekodisha tu. Kijana akivunjika mguu barabarani, analipa mwenyewe, au wenzake wanachanga.

Kuchanga huko si jambo dogo. Likelemba imezika watu na kulipa karo miaka mingi, na hakuna anayepaswa kuidharau. Lakini likelemba inaishi kwa kufahamiana. Kijana akikimbia vita kutoka kijijini hadi Kamina, au akitoka Kamina kwenda Lubumbashi, anaanza upya kati ya watu wasiomjua, na zamu yake imebaki alikotoka.

Nchini Kenya, mwaka 2011, mafundi wa jua kali walianzishiwa mpango wa pensheni uitwao Mbao, neno la mitaani la shilingi 20. Mtu anaweka shilingi 20 kwa siku kupitia simu, na akihama mji au kazi, akaunti inahama naye. Hakuna mwajiri wa kumwongezea, kwa hiyo akiba inakua polepole, na wengi huacha siku zikiwa ngumu.

Simu za kutuma pesa ziko Kamina pia, hata kwenye vituo vya pikipiki. Kinachokosekana ni yule wa pili wa kuchangia, ambaye tangu siku za BCK alijulikana kwa jina na ofisi.