ufundi stadi
nomino. Ujuzi wa kazi kama uashi, useremala, ushonaji, uchomeleaji au umeme wa majumbani, unaopatikana kwa mafunzo ya vitendo na kuthibitishwa kwa cheti.

*Mfano:* Baada ya kidato cha nne, Rehema alijiunga na chuo cha ufundi stadi kusomea umeme.

Asili. *Fundi* lina uhusiano na vitenzi *-funda* na *-funza*, vilivyozaa pia *mafunzo* na *mwanafunzi*. *Stadi* ni mtu hodari katika kazi yake.

Matumizi. Nchini Tanzania istilahi hii imeenea kupitia jina la Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Nchini Kenya husemwa zaidi *mafunzo ya kiufundi*.

Angalizo kwa wafasiri na walimu. Sentensi "Hakwenda chuo, alisomea ufundi stadi" inapotosha, kwa kuwa ufundi stadi nao hufundishwa chuoni. Kinacholinganishwa ni chuo kikuu, nacho kitajwe: "Hakwenda chuo kikuu, alisomea ufundi stadi." Kadhalika, "aliangukia ufundi" humhesabu msomaji miongoni mwa walioshindwa, hata pale alipochagua mwenyewe. Tanzania ina ngazi 3 za ufundi stadi, na mhitimu wa ngazi ya 3 anaweza kuendelea na masomo ya ufundi hadi stashahada. Mwanafunzi anayeshauriwa kuhusu njia hii astahili kuisikia kwa kitenzi *kuchagua*.

*Linganisha:* uanagenzi, kujifunza kazi chini ya fundi mahali pa kazi.