Ulimwengu ulianzaje? Majibu matatu kutoka Kenya

Leo hakuna PHP wala hifadhidata. Tuzungumze historia kidogo, tena historia ya swali ambalo kila mtu amewahi kujiuliza usiku stima zikipotea na nyota zikaonekana: haya yote yalianzaje?

Hapa Shauri Moyo majibu hayajawahi kuadimika. Alfajiri adhana inatoka upande wa Pumwani. Jumapili makanisa yanapokezana vipaza sauti mpaka jioni. Halafu kuna daftari la historia la kidato cha kwanza, ambalo katika mtaala wa 8-4-4 liliorodhesha maelezo matatu ya asili ya binadamu: uumbaji, visasili vya jamii zetu, na mageuko. Mwanafunzi aliyakariri yote, akayaandika kwenye mtihani, akapata alama zake. Namna ya kuyatofautisha hakupewa. Kwake yote yalikuwa "nadharia" tu, na atakayepiga kelele zaidi ndiye atakayeshinda.

Hilo ni tatizo, na ni la ajabu kidogo, kwa sababu miaka ya 1969 na 1970 na ile iliyofuata, Kenya ilikuwa na mkono katika majibu matatu mazito kuhusu ulimwengu: moja la dini, moja la sayansi, moja la falsafa. Hebu tuyaangalie moja moja.

1. Kasisi na neno "zamani"

John Mbiti alizaliwa Kitui mwaka 1931, akawa kasisi wa Kianglikana na mwalimu katika Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 1969 alitoa kitabu chake African Religions and Philosophy, na mwaka uliofuata akatoa kingine kilichokusanya mawazo kuhusu Mungu kutoka jamii zaidi ya mia mbili za Afrika.

Ili kueleza jinsi wazee wetu walivyouelewa wakati, Mbiti alichukua maneno mawili ya Kiswahili: sasa na zamani. Kwake, zamani si "jana" iliyorefushwa. Ni kama bahari ambamo kila tukio huishia kuzama, na hadithi za uumbaji zinakaa huko chini kabisa. Kwa hiyo mzee wa Kikuyu anaposimulia jinsi Ngai alivyomweka Gikuyu na Mumbi Mukurwe wa Nyagathanga, hatoi tarehe. Anakwambia wewe ni nani, ardhi hii umepewa na nani, na una deni gani kwa waliokutangulia.

Wasomi wengi walimpinga Mbiti, hasa pale aliposema kwamba katika fikra za jadi wakati ujao karibu haupo. Ubishi huo haujaisha. Hata hivyo alionyesha jambo moja wazi: hadithi ya asili ina kazi yake, na kazi hiyo si kuhesabu miaka.

2. Setilaiti iliyoitwa Uhuru

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, setilaiti ya Wamarekani wa NASA, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Kwa nini Ngomeni? Kwa sababu iko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia unaipa roketi msukumo wa ziada, na setilaiti ikizunguka juu ya ikweta inakwepa eneo la mionzi ambalo lingevuruga vipimo vyake. Na kwa nini setilaiti? Kwa sababu eksirei zinazotoka angani huzuiwa na hewa yetu kabla ya kufika chini. Ukitaka kuziona, lazima upande juu.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo. Ilifanya kazi mpaka mwaka 1973 na kuacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Ilionyesha kwamba kati ya galaksi kuna gesi yenye joto kali sana. Ilionyesha pia kwamba chanzo kiitwacho Cygnus X-1 kinamemeteka kwa kasi isiyo ya kawaida, na kupitia kazi ya wanaastronomia wengine kikawa kitu cha kwanza kushukiwa kwa nguvu kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi ya mradi huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Vipimo vya mwaka 2021 vinaweka Cygnus X-1 umbali wa miaka ya nuru kama 7,200. Maana yake, mwanga unaoipata setilaiti leo uliondoka huko miaka 7,200 iliyopita. Wanaastronomia nao wanaitazama zamani, ila zamani yao ina tarakimu.

3. Mzee aliyefikiri mwenyewe

Mwaka huo huo wa 1970, Henry Odera Oruka alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Alichoshwa na madai kwamba Mwafrika ana mila lakini hana falsafa, kwa hiyo akaenda vijijini kuwahoji wazee, akiwatafuta wale wanaohoji mila zao wenyewe badala ya kuzirudia.

Mmoja wao alikuwa Paul Mbuya Akoko. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni hii: Mungu wa Wajaluo na Mungu wa wazungu ni mmoja, kwa sababu maumbile yanafuata mpango mmoja kila mahali. Miungu ingekuwa mingi, ingevutana, na maumbile yangevurugika.

Hapo ndipo mambo matatu yanapokutana. Hakuna aliyewahi kufika Cygnus X-1. Tunaamini vipimo vyake kwa sababu tunachukulia kwamba kanuni za fizikia ni zile zile, Ngomeni na huko. Mzee Mbuya alianza na wazo hilo hilo la mpangilio mmoja, kisha akapiga hatua nyingine akafika kwa Mungu mmoja. Unaweza kukubali wazo la kwanza ukakataa hatua ya pili. Kazi ya falsafa ni kukuonyesha hasa hatua iko wapi.

Ugomvi wa makumbusho

Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aligundua huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, masalia ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwaka 2006, makumbusho ya Nairobi yakikarabatiwa, Askofu Boniface Adoyo na viongozi wenzake wa makanisa ya kiinjili walitaka mifupa hiyo isipewe nafasi ya mbele kama ushahidi wa mageuko. Richard Leakey akapinga vikali. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008, na kijana wa Turkana akaonyeshwa.

Nadhani makumbusho yalifanya sawa. Umri wa mfupa ni swali la kupima, na imani haina kipimo cha kuweka mezani hapo. Lakini kinyume chake pia ni kweli: mfupa huo haukwambii kwamba Mungu hayupo. Georges Lemaître, padri Mbelgiji aliyeweka msingi wa nadharia ya Mlipuko Mkuu, hakupendezwa Papa Pius XII alipoihusisha na uumbaji mwaka 1951. Alikuwa padri, na bado hakutaka hesabu zake zifanyiwe kazi isiyo yake.

Chukua mtaa wetu. Ulitoka wapi? Nyaraka zinasema ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa watu waliohamishwa kijiji chao cha Pangani kilipobomolewa. Je, kuwahamisha kulikuwa haki? Nyaraka pekee hazijibu, lazima tujadiliane. Na jina Shauri Moyo lina maana gani kwa mtu aliyepoteza nyumba? Hilo utalisikia kwa waliolibeba. Mtaa mmoja, maswali matatu, na hakuna jibu linalofuta jingine.

Kwa hiyo kijana akikuletea lile daftari lake, usimwambie achague moja. Muulize kwanza: hapa swali ni lipi?