Mtoro ni Nani?

Kila asubuhi katika shule zetu za msingi, mwalimu wa darasa hufungua daftari la mahudhurio na kuita majina. Mtoto aliyepo huitika. Asiyekuwapo husemewa na wenzake: "Anaumwa, mwalimu." "Wamefiwa kwao, mwalimu." Na kuna yule asiye na wa kumsemea, ambaye darasa zima humtaja kwa sauti moja: "Mtoro!" Hapo jambo huwa limekwisha, kwa kuwa neno hilo halidai maelezo. Leo nataka tulidai maelezo neno lenyewe.

Neno hili halikuzaliwa shuleni. Katika karne ya 19, hapa pwani ya Afrika Mashariki, mtoro alikuwa ni mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Mashamba makubwa ya nafaka ya Malindi na Takaungu yalilimwa na watumwa, na waliopata upenyo walitokomea bara. Wapo waliokwenda Witu, ambako Sultani Ahmed, aliyejulikana kwa jina la Simba, aliwapokea. Wapo walioanzisha makazi yao wenyewe, kama yale ya Fuladoyo. Wengine walijisitiri kwenye misheni ya Rabai, karibu na Mombasa. Wenye watumwa walipokuja juu, George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza iliyotawala sehemu zile alikubali mwaka 1888 kuwalipa fidia, na watu zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni za jirani wakapewa hati za uhuru. Angalieni fidia ilikwenda kwa nani. Katika hesabu zile aliyepata hasara ni bwana, wala si yule aliyekimbia.

Tanganyika utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1922. Mwaka uliofuata, 1923, serikali ya Mwingereza ilitunga sheria ya mabwana na watumishi, na ndani yake kibarua aliyeacha kazi kabla ya mkataba wake kwisha alihesabiwa kuwa mhalifu wa kushtakiwa. Kwenye mashamba ya katani manamba alikuwa na kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na kila siku aliyofanya kazi iliwekewa alama. Asiyetokea hakupata alama. Akipotea kabisa, alikuwa mtoro. Utumwa umeondoka, jina limebaki.

Sisemi kwamba shule ni shamba la katani au kwamba mwalimu ni nyapara. La hasha! Shule ndiyo iliyowatoa watoto wengi wa nchi hii katika jembe la mkono. Ninachosema ni kwamba tumerithi neno ambalo siku zote lilitazama upande mmoja tu. Linamtazama anayekimbia, halitazami anakokimbia. Na tuliporithi neno, nadhani tulirithi na tabia yake.

Wakati wa ukoloni utoro wa shule haukuweza kuwa tatizo la taifa, kwa sababu watoto walio wengi hawakuwa na shule ya kutoroka. Tatizo lilikuja na neema. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaazimia kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, ambayo awali ilipangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Miaka 12 ikafutwa kwa azimio moja. Vijiji vikafyatua matofali, watoto wakasomea chini ya miembe, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Hao ndio walimu wa UPE, ambao wengine huwakumbuka kwa mzaha lakini bila wao azimio lingebaki katika makaratasi. Wanafunzi wa shule za msingi waliokuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974 walikaribia milioni 3 mwaka 1978.

Mwaka huo huo wa 1978 ikaja Sheria ya Elimu, Namba 25. Sheria hiyo ilimtaka kila mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe, na ikamtwisha mzazi jukumu la kuhakikisha kwamba mtoto anahudhuria mpaka anamaliza. Mzazi asiyetimiza alikuwa na kosa. Serikali za vijiji zikapata kazi mpya, mabalozi wa nyumba kumi wakapita na orodha, na mgambo wakajua njia za kwenda kwenye nyumba ambazo zamani walikwenda kwa ajili ya kodi tu.

Sasa, ndugu wasikilizaji, sikilizeni yaliyofuata, maana hapa ndipo palipo na ushahidi. Karo ya shule za msingi ilikuwa imefutwa tangu mwaka 1973. Uchumi ulipoyumba, michango ya UPE ikarudishwa katikati ya miaka ya 1980, na juu yake sare, madaftari, madawati na mchango wa mlinzi. Sheria ya 1978 haikuguswa; ilikuwa pale pale, pamoja na faini zake na mgambo wake. Uandikishaji ambao mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa umepita asilimia 90 ukaporomoka, na katika miaka ya 1990 ukawa chini ya asilimia 80. Kisha ada ikafutwa tena, mwaka 2001. Wanafunzi wakapanda kutoka kama milioni 4.9 mwaka huo hadi karibu milioni 6 mwaka 2002. Wazazi walikuwa wale wale na sheria ile ile. Je, inawezekana wazazi wa nchi nzima walikuwa wazembe kwa miaka 15, halafu wakatubu wote kwa pamoja mwezi wa Januari?

Mwenye kujua mambo ya shule ataniambia kwamba kuandikishwa si kuhudhuria, na atakuwa na haki. Mtoto anaweza kuwamo daftarini na kumbe yuko mwaloni anaanika dagaa, au mnadani anauza maji, au shimoni Mererani. Kufuta ada kulifungua mlango. Hakukuhakikisha kwamba mtoto atapita kila siku. Kwa huyo basi tunajua nini?

Tunajua machache kuliko tunavyodhani. Wizara ya Elimu imekuwa ikitoa kila mwaka kitabu cha takwimu, na humo kuna jedwali la wanafunzi walioacha shule pamoja na sababu: vifo, mimba, maradhi, kukosa mahitaji, na utoro. Mwaka baada ya mwaka sababu inayoongoza, tena kwa mbali sana, ni utoro. Hebu fikirini maana yake. Tumeuliza kwa nini mtoto hayupo shuleni, tukajibiwa kwamba hayupo kwa sababu haji. Daktari akiandika kwamba marehemu amekufa kwa sababu ya kifo, tutamrudisha chuoni. Lakini jedwali hili tumelisoma kwa miaka mingi na kulitumia kupanga mipango.

Na pale ambapo mtu aliuliza swali la pili, jibu halikuwa fumbo. Shirika la Chakula Duniani lilipoanza kutoa uji na chakula cha mchana kwenye shule za mikoa yenye ukame, ikiwamo Dodoma na Singida, madarasa yalijaa. Watoto wale hawakuwa wamekimbia kusoma. Walikuwa wamekimbia njaa ya saa sita mchana, na njia ya kurudi nyumbani ikawa ndefu mno kuitembea mara mbili kwa siku.

Wasichana wamelipa zaidi. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa, na kanuni za mwaka 2002 ziliipa shule nguvu ya kumwondoa mwanafunzi kwa kosa la maadili. Aliyejijua ana mimba hakungoja kuitwa ofisini. Aliacha kuja, na daftari likamwita mtoro. Hapo shule iliyomkimbiza na daftari lililomhukumu vilikuwa chini ya paa moja. Ni Novemba 2021 tu ndipo Wizara ilipotangaza kwamba walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwamo waliojifungua, wanaweza kurudi kwenye mfumo rasmi.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji wafadhili. Safu ya utoro katika jedwali ifutwe. Mahali pake ziwekwe safu mbili: nani alikwenda nyumbani kwa mtoto huyu, na alikuta nini. Najua mwalimu mkuu atauliza ni mwalimu gani atakayekwenda, wakati walimu ni wachache na darasa moja lina watoto zaidi ya 100. Basi na hilo liandikwe, kwenye safu ya tatu.