Pilau Ilitoka Wapi Hata Ikafika Ufipa?

  

Ndugu msomaji, katika hitima moja hapa Sumbawanga alikuja bibi mmoja Mfipa, Muislamu wa miaka mingi, na bakuli la ugali wa ulezi lililofunikwa kwa kitambaa safi, na maharage kando yake. Vijana waliokuwa wakiandaa, na baadhi yao ni wanafunzi wangu, walilipokea kwa adabu kisha wakaliweka nyuma ya mlango. Masinia ya pilau yakapita, watu wakala, dua ikaombwa, kila mtu akaenda zake. Bakuli la bibi halikufunuliwa. Nilipomwuliza kijana mmoja sababu, alinijibu bila ya haya: "Maalim, hii ni shughuli ya dini. Pilau ndiyo chakula cha Waislamu. Ulezi ni wa pombe."

Nilinyamaza siku ile, kwani si vyema kumkemea mtu mbele ya wageni. Lakini neno lile lilinikaa moyoni, na nimeona bora nilijibu kwa tarikh kuliko kwa ukali.

Kwanza tuanze Madina. Chakula cha mji ule wakati wa Mtume (S.A.W.) kilikuwa tende, maziwa na mkate wa shayiri. Nyama ilipopatikana, walichopenda ni tharidi, yaani mkate uliomegwa ndani ya mchuzi. Pilau haikuwako. Basi anayesema kuwa pilau ni sehemu ya dini, na atuambie Waislamu wa kwanza walikosa nini katika dini yao kwa kutoila.

Pilau ilizaliwa katika nchi za mbali na Bara Arabu. Jina lenyewe latuonyesha njia: Waajemi wasema polow, Waturuki pilav, Wauzbeki palov, na watu wa Uhindi pulao. Katika mwaka 1226 mtu wa Baghdad, Muhammad bin al-Hasan, aliandika kitabu cha mapishi, na ndani yake mna wali uliopikwa pamoja na nyama. Afghanistan nayo ina pilau iliyo fahari ya nchi ile, iitwayo kabuli. Nyama ya kondoo huchemshwa kwanza, mchele mrefu ukapikwa kwa supu ile ile, na juu yake hutandazwa karoti zilizokatwa nyembamba na zabibu kavu. Mgeni wa heshima huko hupakuliwa kabuli, na nyama hufichwa chini ya wali.

Katika mwaka 1504 Babur aliuteka mji wa Kabul, na mwaka 1526 akaingia Uhindi na kuanzisha dola ya Wamughali. Wapishi huwafuata wafalme. Abul Fazl, aliyemtumikia Mfalme Akbar, aliandika mwishoni mwa karne ya 16 habari za jiko la mfalme katika kitabu chake Ain-i-Akbari. Humo anakitaja chakula kiitwacho qabuli: mchele, nyama, samli, dengu, vitunguu, tangawizi, mdalasini, pilipili manga, bizari, iliki na karafuu. Ewe msomaji, mpe orodha hiyo mpishi yeyote wa harusi wa pwani, umwondolee dengu tu, naye atakuambia kuwa umemtuma sokoni kununua vitu vya pilau!

Sasa tuje kwetu. Mchele si mgeni wa jana katika pwani yetu, kwani wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata Pemba punje za mpunga za zaidi ya miaka 1,000. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli, na mchuzi wa nyama, kuku na samaki juu yake. Lakini huo ni wali na kitoweo chake. Pilau, ambayo nyama, viungo na mchele huiva katika chungu kimoja, ni sanaa ya Waajemi na Wahindi, nayo ilitufikia kwa majahazi ya biashara. Waomani walikuwa na sehemu kubwa katika safari hizo, kwani walitawala Zanzibar, na waliushika pia mji wa Gwadar katika pwani ya Bulushi mpaka mwaka 1958. Hata leo ukienda Maskati utapakuliwa kabuli kwa jina hilo hilo.

Kutoka pwani mchele ulipanda bara pamoja na misafara. Wafanya biashara walipanda mpunga Tabora, Ujiji, na hata Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kwetu Ufipa walifika Kirando, kwenye mwambao wa ziwa, wakavuka kwenda Marungu. Na hapa lazima tuseme kweli, ingawa ni chungu. Misafara ile ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba pia wanadamu waliofungwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, katika zama za Sayyid Barghash. Njia iliyotuletea iliki na karafuu ndiyo ile ile waliyopitishwa watoto wa watu, shingo zao ndani ya miti. Basi yafaa tuishukuru neema ya chakula, lakini tusijivunie njia iliyokuja nayo, wala tusimdharau mtu ambaye babu zake waliiona njia ile wakiwa wamefungwa.

Siku hizi mwenye kutaka pilau Sumbawanga hapati taabu. Siku ya Ijumaa baada ya sala utaisikia harufu yake ukipita mbele ya hoteli ndogo ndogo. Mchele hupanda kutoka bonde la Ziwa Rukwa, au huja kwa njia ya Tunduma kutoka Usangu, ambako Wabulushi, watu wa mipaka ya Uajemi na Afghanistan, walilima mpunga wa kumwagilia tangu kabla ya uhuru. Kabuli yenye karoti na zabibu mimi sijaiona hapa, lakini ndugu yake ninamjua sana. Mpishi mwema hukaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya kahawia, akatia thomu na viungo, kisha nyama, kisha supu na mchele, na mwisho hupalia makaa juu ya mfuniko. Kachumbari ikiwekwa kando, mtu huila kwa furaha na kumshukuru Mola wake. Na wanaoila ni Waislamu na Wakristo, meza moja.

Lakini vipi kuhusu ulezi? Ulezi asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Wataalamu wa mimea wametuthibitishia kuwa ulitoka huku, ukavuka bahari zamani sana, ukafika Uhindi, na mpaka leo watu wa kusini ya nchi hiyo waula kwa jina la ragi. Wafipa wameulima kwa maarifa makubwa: hufukia majani chini ya matuta ya mviringo yaoze na kuirutubisha ardhi, ndipo wapande. Kwa hiyo tulipopokea mchele wa wenzetu, wao walikuwa wamekwisha pokea ulezi wetu. Na kama watu wengine hugeuza ulezi kuwa pombe, wengine wamegeuza zabibu na tende vile vile, wala hatujaiacha tende kwa sababu hiyo.

Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia ila chakula kamwe: akikitamani hukila, asipokitamani hukiacha. Na imepokewa kuwa chakula kibaya zaidi ni kile cha karamu ambayo matajiri huitwa na maskini huachwa. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mwenye kunyimwa sahani, itakuwaje kwa yule aliyeleta sahani yake mwenyewe nasi tukaificha?

Nilikwenda kwa bibi yule Jumapili iliyofuata, pamoja na kijana yule. Hatukusema mengi. Bibi alisonga ugali, tukanawa, tukala kutoka bakuli moja. Kijana alipomaliza aliomba aongezewe, naye bibi akacheka, akamwambia, "Mjukuu wangu, ulezi hauna haraka, uko tu." Na hitima itakapofika tena, nimewaagiza vijana wangu kwamba bakuli lolote litakaloletwa na jirani liwekwe mkekani, katikati, pamoja na masinia.