Michigan na Ohio State: Bifu Lililoanza Kabla Mpira Wenyewe Haujazaliwa

Kama upo Marekani kimasomo au kimaisha na washikaji wamekualika kwenda kuicheki Michigan na Ohio State mwishoni mwa Novemba, usiende kichwa kichwa. Wenyewe wanaiita Mechi tu, na kila mtu anajua ni ipi. Soma kwanza hapa ujue unaingia kwenye moto gani.

Hawa ni wanafunzi wa vyuo vikuu, siyo klabu. Ila uwanja wa Michigan pale Ann Arbor unabeba watu 107,601, na wa Ohio State pale Columbus nao unazidi laki moja. Na siku hiyo unajaa, baridi au siyo baridi.

Chanzo ni ardhi

Mwaka 1835 Ohio ilikuwa tayari jimbo, Michigan bado inaomba kuwa jimbo. Wakagombea ukanda wa ardhi wenye mji wa Toledo, kila upande ukatuma wanamgambo. Bahati nzuri hakufa mtu. Naibu sherifu mmoja wa Michigan alichomwa kisu kidogo, akapona. Mwisho wa siku Ohio wakapewa Toledo, Michigan wakapewa eneo la kaskazini lililojaa misitu na barafu, na mwaka 1837 wakawa jimbo. Walinung'unika sana kwamba wamepunjwa. Kumbe lile pori lilikuwa na shaba na chuma cha kutosha!

Mechi ya kwanza ilipigwa 1897, Michigan wakashinda 34-0. Bifu likapata uwanja wa kuchezea.

Mechi ya theluji

Kwa wageni: timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifanikiwa inapewa mengine manne. Ikikwama, mara nyingi inaupiga mpira mbali kwa mguu, wapinzani waanzie huko.

Sasa sikia hii. Mwaka 1950 pale Columbus ilipiga dhoruba ya theluji, uwanja hauonekani. Michigan hawakufikisha zile yadi 10 hata mara moja, hawakukamilisha pasi hata moja, wakaupiga mpira mbali kwa mguu mara 24. Na bado wakashinda 9-3! Kocha wa Ohio State akaachia ngazi, nafasi ikachukuliwa na Woody Hayes. Hapo ndipo mambo yalipochangamka.

Mwalimu na mwanafunzi

Hayes alikuwa mkali balaa. Mwaka 1968 aliwafunga Michigan 50-14. Mwaka uliofuata Michigan wakamleta Bo Schembechler, mtu aliyecheza chini ya Hayes, kisha akawa msaidizi wake palepale Ohio State. Yaani mwanafunzi karudi kupambana na mwalimu. Ohio State walikuja 1969 wakiwa mabingwa, wameshinda mechi 22 mfululizo. Mwanafunzi akawachapa 24-12.

Miaka kumi walipambana hivyo. Mwaka 1973 walitoka 10-10, wote hawajafungwa msimu mzima, ikabidi wakurugenzi wa michezo wa vyuo wapige kura nani aende kucheza California. Wakaenda Ohio State, na Michigan wakabaki na kidonda. Hesabu ya mwisho: Bo alishinda 5, Hayes 4, sare 1.

Utani una mpaka

Tarehe 17 Novemba 2006 Bo akafariki. Kesho yake ndiyo Mechi, Ohio State namba moja nchini, Michigan namba mbili. Ndani ya uwanja wa Columbus, kwa mashabiki wanaofuta herufi M kwenye mabango ya chuo kila wiki ya Mechi, watu wakanyamaza kimya kumuaga adui. Halafu wakacheza kiume, Ohio State wakashinda 42-39.

Linganisha na 2024. Michigan wakashinda 13-10 ugenini, wakataka kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja wa wenyeji. Ngumi zikarushwa, polisi wakapuliza dawa ya pilipili, kila chuo kikapigwa faini ya dola 100,000. Wiki chache baadaye, Januari 2025, Ohio State hao hao waliofungwa wakawa mabingwa wa taifa. Bendera ya nini sasa?

Mimi nasema hivi: utani wa jadi unanoga pale unapojua kwamba bila yule mtani na wewe hupo. Wale wa 2006 walilijua hilo. Hayes na Bo walilijua. Vijana wa 2024 walilisahau kwa dakika kadhaa, na hizo dakika ndizo dunia nzima iliziona.

Kwa hiyo mgeni, vaa nguo nzito. Ukikaa upande wa Columbus usivae njano na bluu, ukikaa Ann Arbor usivae nyekundu. Wahi mapema uione bendi ya Ohio State ikiandika jina la jimbo kwa miguu uwanjani, kitu wanachofanya tangu 1936. Timu chagua mwenyewe, lakini ukishachagua ndiyo basi, hakuna kuhama!

Haya, wewe ungekuwa upande gani, na utani ukizidi unaukatia wapi? Dondosha maoni hapo chini.