Tumbo Moja, Pasipoti Tatu: Nani Anahitaji Viza Kwenda Gitaza?

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Wiki iliyopita mama mmoja alitusimamisha kwenye foleni ya maji. Kaka yake, ambaye sasa ni raia wa Tanzania, alikwenda Gitaza kumzika shangazi yao, akarudi salama, na mpakani hakuna aliyemdai viza. Mama akauliza: "Sisi ni tumbo moja. Kwa nini yeye aende na mimi nisiende?"

Ili tumjibu, lazima turudi nyuma zaidi ya miaka hamsini.

Gitaza iko kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara itokayo Bujumbura kuelekea Rumonge. Mbele ni ziwa na mitumbwi ya ndagala, nyuma ni milima. Ukiendelea kusini unaingia kwenye michikichi ya Rumonge, kisha Nyanza-Lac. Mwishoni mwa Aprili 1972 machafuko yalianzia katika ukanda huo wa kusini, na mauaji makubwa yakaenea nchini. Makumi ya maelfu ya watu walikimbia, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi. Tanzania iliwapokea ikawapa ardhi ya kulima katika makazi matatu makubwa: Ulyankulu, Katumba na Mishamo.

Walikaa huko miaka thelathini na zaidi. Watoto wao walizaliwa huko, wakasoma huko, lakini kwenye karatasi bado walikuwa wakimbizi.

Mwaka 2007 serikali ya Tanzania iliwauliza: mnarudi Burundi, au mnaomba uraia? Karibu wanne katika kila watano walichagua uraia. Uraia wa namna hiyo, unaoombwa na kutolewa na serikali, huitwa uraia wa tajnisi. Ulikuwa na sharti moja zito. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo mwombaji alitakiwa kuukana uraia wa Burundi.

Mwaka 2010 maombi ya watu 162,156 yalikubaliwa. Watu wakashangilia. Lakini vyeti havikutoka. Serikali ilikuwa imepanga kwanza wahame makazi wasambazwe katika mikoa mingine, na mpango huo ukakwama. Ugawaji wa vyeti ulianza Oktoba 2014. Kwa miaka minne mtu aliambiwa ni raia lakini hakuwa na cha kuonyesha. Bila cheti hakuna pasipoti, na bila pasipoti mpaka haukujui. Tukumbuke hilo: kukubaliwa ni jambo moja, kushika karatasi mkononi ni jambo jingine.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Wakati huohuo mipaka yenyewe ilikuwa inabadilika. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Julai 2010 Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kufanya kazi, na raia wa nchi wanachama anaingia nchi nyingine mwanachama bila viza. Anaonyesha hati yake ya kusafiria, anapewa kibali cha mgeni, anapita. Haulizwi kama uraia ni wa kuzaliwa au wa tajnisi. Ndiyo maana kaka wa yule mama alifika Gitaza. Alizaliwa pale, lakini aliingia akiwa mgeni kutoka Tanzania.

Sasa tuwaze familia hiyo ina ndugu mwingine huko Marekani. Kuanzia mwaka 2007 Marekani iliwachukua maelfu ya Warundi wa 1972 waliokuwa kambini nchini Tanzania, wengi wao wakiwa wamekimbia zaidi ya mara moja. Mkimbizi anayepokelewa huko anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitano. Akiupata, anapewa pasipoti ya Marekani, na humo, kwenye mahali pa kuzaliwa, pameandikwa Burundi. Lakini akisafiri kwa pasipoti hiyo, neno hilo peke yake halimfungulii mpaka. Anahitaji viza ya Burundi kama Mmarekani yeyote anayekwenda kutalii, ingawa safari yake ni ya kaburi la baba.

Kwa hiyo viza inafuata pasipoti unayoishika. Haiangalii kitovu chako kilizikwa wapi.

Na sisi wa kambini? Karatasi za wakimbizi zina historia yake. Mwaka 1922, chini ya Shirikisho la Mataifa, Fridtjof Nansen wa Norway alianzisha hati ya kusafiria kwa Warusi waliopoteza nchi. Wazo hilo liliingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951: nchi inayokuhifadhi inaweza kukupa hati ya kusafiria. Lakini kwa kawaida hati hiyo inafaa kwenda nchi nyingine, si ile uliyoikimbia. Na itifaki ya Afrika Mashariki yenyewe inasema safari za wakimbizi zitafuata mikataba ya kimataifa. Ule mlango wa raia hatukuwekewa sisi.

Kuna sababu. Hifadhi tuliyopewa inasimama juu ya neno moja: siwezi kurudi, ninaogopa. Ukichukua kwa hiari yako pasipoti ya nchi uliyoikimbia, au ukirudi kukaa huko, hifadhi hiyo inaweza kukoma. Hata safari fupi ya msiba inaweza kuleta maswali utakaporudi.

Basi mama, jibu letu ndilo hili. Kaka yako hakupendelewa kuliko wewe. Alitoa kitu akapata kitu: aliukana uraia wa Burundi, akangoja miaka kupata cheti, na leo anaingia kwao kwa kibali cha mgeni. Wewe hujaukana uraia wako. Unachokishika ni hifadhi, na hifadhi ina masharti yake.

Tunawaomba wote: msiba ukitokea nyumbani, usipande mtumbwi usiku bila kumwambia mtu. Nenda kwanza ofisi ya ulinzi ya UNHCR au ya serikali hapa kambini, uulize safari hiyo itagusa vipi hadhi yako, na kama kuna ziara ya kwenda kuona na kurudi. Mwenye ndugu ng'ambo amwambie aulize ubalozi wa Burundi kabla ya kukata tiketi, maana taratibu za viza hubadilika.

Na yule shangazi wa Gitaza, Mungu amlaze mahali pema. Kaka alitupa udongo kwa niaba ya wote.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.

(Muziki wa kufungia)