Jiwe Lilirudi Axum, Kichwa cha Koitalel Je?

Nikisema natoka West Indies, watu wa mbali hudhani mimi ni Mjamaika. Zii, ni mtaa wetu hapa Eldoret. Julai nilimsindikiza binamu yangu anayekimbia mbio za Ulaya, tukazunguka Italia kwa treni. Milano nililikodolea macho lile kanisa kuu lenye minara kama msitu. Florence nilipanga foleni ya aiskrimu kama kila mtu. Lakini Roma ndiyo iliyoninyamazisha, tena mahali ambapo kitu nilichokifuata hakipo.

Panaitwa Porta Capena, mbele ya makao makuu ya FAO. Kwa zaidi ya miaka 60 palisimama hapo mnara wa Axum: jiwe la mita 24, tani 160 hivi, lililochongwa Ethiopia karne nyingi zilizopita. Mussolini aliivamia Ethiopia 1935. Mwaka 1937 watu wake wakalibeba jiwe na kulisimamisha Roma, kama mwindaji anavyotundika pembe ukutani. Hata jengo la FAO lilianza kujengwa liwe wizara ya makoloni yao ya Afrika!

Sasa sikia. Tarehe 10 Septemba 1960, usiku, Abebe Bikila wa Ethiopia alipita hapo miguu mitupu katika marathoni ya Olimpiki. Inasimuliwa kwamba alikuwa amepanga kuongeza kasi akifika kwenye lile jiwe la kwao. Alimaliza chini ya Tao la Constantine kwa saa 2:15:16, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki. Binamu yangu, ambaye huwa haachi mzaha, alivua viatu akatembea kidogo kwenye lami. Sikumrekodi.

Italia ilikuwa imetia saini mkataba wa amani 1947 ikikubali kurudisha ilivyopora. Jiwe lilirudi 2005. Yaani ahadi ya miezi 18 ilichukua miaka 58, na ni kwa sababu Waethiopia hawakuchoka kudai.

Hapo ndipo nikamkumbuka Koitalel arap Samoei. Kutoka Eldoret hadi Nandi Hills si mbali, lakini mimi niliishi miaka 20 bila kufika. Koitalel aliongoza Wanandi kuwapinga Waingereza na reli yao kwa miaka kumi hivi, hadi 19 Oktoba 1905, alipoitwa kwenye mazungumzo ya amani na Richard Meinertzhagen akampiga risasi. Fimbo zake za uongozi zilikaa Uingereza hadi 2006. Kichwa chake, wazee wanasema kilikatwa kikapelekwa huko. Bado kinadaiwa.

Kuna wanaoniambia, "Wacha mambo ya zamani, tafuta pesa." Sawa, pesa natafuta, na chuo niliacha, kwa hivyo sijifanyi profesa. Lakini kama jiwe la tani 160 lilipandishwa ndege likarudi kwao, msiniambie mabaki ya mtu mmoja ni mzigo mzito. Kinachotupungukia ni watu wa kudai bila kuchoka.

Kwa hivyo kabla hamjaniomba picha za pizza, nendeni Nandi Hills mkaone makumbusho ya Koitalel. Na kama kwenu kuna kogo au guga anayejua habari hizi, washa simu umrekodi wikendi hii. Mimi wangu nilichelewa.